Lita Kumi na Mbili na Nusu

Mzee Kobelo alifariki siku thelathini na tano kabla sijarudi Morogoro. Habari hiyo niliipata getini, begi likiwa bado mkononi, nilipomwuliza mlinzi kama madereva wa zamani wa chuo wangali wakikaa kwenye benchi la karakana. Mlinzi alitaja wawili waliostaafu, kisha akasema, "Na Kobelo ndiyo hivyo, tulimzika. Arobaini yake Jumamosi hii, Mwembesongo." Alisema kama mtu anayetoa ratiba, na sikuwa na sababu ya kumlaumu, kwa kuwa hakujua kwamba miongoni mwa mambo yaliyonirudisha mji huu nikiwa na miaka arobaini na sita, kusomea shahada ya uzamivu pamoja na watu wa umri wa wanangu, moja lilikuwa ni kuzungumza na mzee huyo. Nilikwenda kukaa kwenye ngazi za jengo la utawala nikaanza kuhesabu, kama nifanyavyo kila ninapotikiswa. Kama ningeikubali nafasi ya masomo mwaka jana ilipotolewa mara ya kwanza, ningemkuta. Kama nisingepoteza wiki saba nikihakiki vyeti ambavyo hakuna aliyevitilia shaka, ningemkuta. Hesabu zote zilikuwa sahihi, na hazikuwa na kazi tena.

Mwaka ninaoukusudia nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili, mwenye miaka ishirini na mitano. Mradi wetu ulipima tope linalobebwa na vijito vya Uluguru wakati wa mvua, na kituo chetu kilikuwa kijijini, mbele kidogo ya Nyandira: nyumba ya matofali ya vyumba viwili, kimoja cha chupa za sampuli na mizani, kingine cha vitanda, na nyuma yake jiko la Mama Anjela, mpishi wetu, ambalo lilikuwa na joto kuliko nyumba nzima. Tulipanda kila Jumatatu na Alhamisi kwa pikapu nyeupe ya dizeli. Hadi Sangasanga ilikuwa lami, na kipande hicho hakikuwa na ugomvi, kwa kuwa kilitumia mafuta yale yale kwenda na kurudi. Baada ya hapo zilifuata kilomita arobaini za udongo, kona na ukungu, zikipanda karibu mfululizo. Dereva wetu alikuwa Mzee Kobelo, mtu mfupi, mkavu, mwenye kofia ya kufuma, Mluguru wa huko huko juu aliyekwisha kuhamia mjini na mama yake. Alikuwa ameendesha magari ya chuo kwa miaka kumi na tisa. Hakupenda redio. Alisikiliza injini, na alipobadilisha gia alinyamaza hata kama alikuwa katikati ya neno, kisha akaendelea pale pale alipoachia. Nyuma ya kiti chake kulikuwa na dumu la manjano la lita tano. Asubuhi lilikwenda tupu, alasiri lilirudi limejaa. Nililiona kwa miezi miwili bila kulifikiria hata mara moja.

Machi masika yalipoanza, mafuta nayo yakaanza kwisha kabla ya mwisho wa mwezi. Mradi ulipewa mgao wa lita, si zaidi, na ulipokwisha tulikaa mjini tukiutazama mlima ukizama mawinguni, tukijua kwamba vijito vinafurika na hakuna anayechota sampuli. Tulikosa safari tatu. Kwa wengine zilikuwa safari tatu. Kwangu zilikuwa mafuriko matatu yasiyorudi, na tasnifu yenye matundu. Dokta Shayo, aliyekuwa mkuu wa mradi na pia msimamizi wangu, aliniita ofisini. Ilikuwa ofisi ndefu, yenye feni iliyogonga kila ilipomaliza mzunguko, na mtunza stoo alikuwa amekwisha kukaa.

"Mimi nasema yananyonywa," mtunza stoo alisema. "Mpira mmoja na dumu, mchezo umeisha."

"Usiseme hivyo," Dokta alimjibu. "Tupime kwanza. Koku, wewe umesoma uhandisi. Kitabu cha hili gari kinasema kilomita kumi na moja kwa lita, lakini hicho kimeandikwa na watu ambao hawajafika Nyandira. Nipe namba ya kweli. Namba moja tu."

Nataka nieleze jinsi nilivyopima, kwa sababu upimaji haukuwa na kosa, na hilo ndilo lililonifunga. Kujua gari linakwenda kilomita ngapi kwa lita si jambo gumu: unajaza tangi hadi alama fulani, unaandika namba ya kilomita, unatembea, unajaza tena hadi alama ile ile, kisha unagawa kilomita ulizotembea kwa lita ulizoongeza. Ugumu uko kwenye neno ile ile. Nilichora alama ndani ya shingo ya tangi. Niliweka pima maji ya fundi mwashi juu ya boneti, na kiputo kisipokaa katikati nilimwomba Mzee Kobelo asukumie jiwe chini ya tairi. Nilizungusha utepe kwenye tairi, nikagundua kwamba mita ya kilomita inapunja kidogo, nikasahihisha. Kisha nikachagua kipande cha kilomita nane chenye mwinamo unaofanana na njia nzima, tukakipanda mara tatu na kukishuka mara tatu, na kila mwisho wa kipande nilimimina dizeli kwa silinda ya maabara, tone kwa tone, nikiwa nimepiga magoti kwenye tope. Wanawake waliokuwa wakishusha kabichi vichwani walisimama kututazama.

"Gari linaumwa nini?" mmoja aliuliza.

"Linapimwa mkojo," Mzee Kobelo akamjibu. "Tunangoja majibu."

Walicheka hadi kwenye kona. Yeye hakucheka. Alikaa kwenye jiwe alilolisogeza kwa ajili yangu, akaniangalia nikiandika.

"Binti, unatafuta nini hasa?"

"Kilomita kwa lita, Mzee."

"Za wapi?"

"Za gari."

"Gari halina hiyo," alisema. "Uliza za wapi. Kutoka Sangasanga, Nyandira inakula lita kumi na mbili na nusu, kwenda na kurudi. Matombo inakula yake. Ukinitajia Turiani nitakwambia ya Turiani. Lakini hiyo ya gari peke yake, mimi siijui."

Niliona hilo kama kukwepa. Kwetu sisi tuliofundishwa darasani, gari ndilo lililokula mafuta. Kwa madereva wa mlima, mahali ndipo palipokula. Sikuandika maneno yake. Nilikuwa na daftari zima la vipimo, na safu moja tu ya maoni, nayo niliijaza hali ya hewa.

Matokeo yalikuwa safi kupita matumaini. Kupanda kilomita nane kulitumia lita mbili, yaani kilomita nne kwa lita. Kushuka kilomita nane kulitumia nusu lita, yaani kilomita kumi na sita kwa lita. Dokta alitaka namba moja. Nikajumlisha nne na kumi na sita, nikagawa kwa mbili, nikapata kumi. Kwenda na kurudi ni kilomita themanini. Themanini ukigawa kwa kumi ni lita nane. Kumbukumbu za stoo, baada ya kuondoa kipande cha lami, zilionyesha kwamba kila safari ilikula lita kumi na mbili na nusu. Tofauti ilikuwa lita nne na nusu. Nakumbuka vizuri chumba nilichokuwemo namba hiyo ilipotokea: bweni la wanafunzi wa uzamili, saa kumi alasiri, chandarua kimefungwa fundo juu ya kitanda, na sahani ya wali maharage iliyopoa mezani. Niliitazama nne na nusu, na mara nikaliona dumu la manjano. Dumu la lita tano ambalo mtu mwangalifu hangelijaza hadi juu.

Niliandika ukurasa mmoja. Sikuandika neno wizi, na kwa miaka mingi nilijifariji kwa hilo. Niliandika kwamba tofauti ya lita nne na nusu kwa safari haielezeki kwa sababu za kiufundi, na kwamba ingefaa kuangaliwa vyombo vinavyobebwa ndani ya gari. Nilikuwa nimepima shingo ya tangi kwa mililita, lakini dumu lililokaa umbali wa mkono kutoka begani kwangu sikulifungua kifuniko.

Wiki iliyofuata Mzee Kobelo aliitwa arudishe funguo. Hakupelekwa popote wala kushtakiwa. Aliambiwa mkataba wake umesimama hadi jambo liangaliwe, na jinsi mambo yalivyokuwa yakiangaliwa pale, hiyo ilikuwa ni kuondoka. Dokta alitaka mimi niwepo. Tulikuwa karakana, mbele ya benchi lenyewe, madereva sita wamekaa kwa mstari na vikombe vyao vya chai, na nakala ya karatasi yangu ilikuwa mkononi mwa Mzee Kobelo. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari.

"Hii kumi umeitoa wapi?"

"Ni wastani, Mzee."

"Wa nini na nini?"

"Wa kupanda na kushuka."

"Lini umeniona nashuka mara nyingi kuliko ninavyopanda?"

Benchi zima likaangua kicheko. Mzee Chande, aliyekuwa mchekeshaji wao na aliyezoea kuniita Dada Pima Maji, alisema, "Kobelo, huenda wewe ukifika juu unashuka hadi Dar." Nilicheka na mimi, kwa aibu, nikidhani ni mzaha wa mtu anayejaribu kuokoa uso wake. Hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa ameweka kidole juu ya kosa langu, mbele ya watu wanane, na hakuna aliyemsikia. Akaweka funguo juu ya benchi, akachukua dumu lake kutoka kwenye pikapu, akaondoka nalo kwa miguu.

Dereva mpya aliitwa Bosco, mtu wa makamo, mtaratibu, mlokole, asiyekuwa na dumu wala chupa. Kwa kuwa mimi ndiye niliyeleta namba, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuilinda. Nilifunga mdomo wa tangi kwa utepe wa karatasi wenye saini yangu, nikaukata mwenyewe kila tulipojaza pale Msamvu. Safari ya kwanza, baada ya kuondoa lami, pikapu ilikula lita kumi na mbili na nusu. Nikasema ni matope. Ya pili, kumi na mbili na robo tatu. Nikasema ni mzigo. Wiki ya tatu nilianza kulala chini ya gari kutafuta mvujo, na Bosco akawa anasimama kando akiwa ameshika mwavuli juu ya miguu yangu, bila kuuliza. Wiki ya tano nilikuwa na kurasa kumi na moja za nadharia: joto la dizeli, upepo wa kona ya tatu, ukali wa breki. Kila nadharia ilieleza nusu lita. Hakuna iliyoeleza nne na nusu, na hakuna iliyonifanya nirudi nyuma na kuangalia kugawa kwa mbili, kwa sababu kugawa kwa mbili nilikujua tangu shule ya msingi.

Jawabu lilikuja jikoni kwa Mama Anjela, Alhamisi moja mchana, mvua ikipiga bati kiasi kwamba watu walisema kwa sauti ya juu mambo ambayo wangeyanong'ona. Mama Anjela alikuwa ametupakulia ugali na njegere zilizoungwa kwa vitunguu vingi, na wageni wawili waliokuwa wakingoja mvua ipungue walikaa kwenye gogo kando ya moto. Mmoja alikuwa dereva wa siku nyingi wa kubeba kabichi, mwenye pikapu ya aina moja na yetu. Mwingine alikuwa mgeni wa njia hiyo, ndiyo kwanza ameletwa kutoka Dar, na alikuwa akiulizia mafuta.

"Tajiri yako akikuuliza, mwambie hivi," yule mwenyeji alisema huku akichovya tonge. "Nyandira inakula kumi. Kurudi inaonja mbili na nusu. Jumlisha, mpe. Asikuletee mambo ya kugawa."

"Si nichukue tu katikati ya kupanda na kushuka?"

"Katikati ya nini? Utachukua katikati uishiwe pale kwenye kona ya kanisa, ukae na kabichi zako ziote mizizi."

Mama Anjela alicheka hadi akaweka mwiko chini. Mimi nilikuwa na tonge mkononi na sikulipeleka mdomoni. Kumi na mbili na nusu. Nilitoa mfukoni lebo ya chupa ya sampuli nikaandika nyuma yake. Kilomita arobaini za kupanda, kwa nne, ni lita kumi. Kilomita arobaini za kushuka, kwa kumi na sita, ni lita mbili na nusu. Kilomita themanini kwa lita kumi na mbili na nusu ni kilomita sita na pointi nne kwa lita, si kumi. Vipimo vyangu mwenyewe, nilivyovipata nikiwa nimepiga magoti, vilikuwa vimesema hivyo tangu siku ya kwanza. Wastani wangu ungekuwa kweli kama gari lingetumia lita sawa kupanda na kushuka. Kwa lita kumi kila upande, lingepanda kilomita arobaini na kushuka mia na sitini, kwenye mlima ambao mteremko wake ni mrefu mara nne kuliko mpando, na mlima huo haupo Uluguru wala popote. Lini umeniona nashuka mara nyingi kuliko ninavyopanda. Nilisikia swali hilo kwa mara ya kwanza, wiki saba baada ya kuulizwa. Nilitoka nje nikasimama mvuani. Bosco alinifuata na mwavuli.

Ningependa kuandika kwamba nilikwenda kwa Dokta siku hiyo hiyo. Nilikwenda baada ya siku nne, kwa kuwa nilirudia hesabu hiyo, ambayo mtoto angeimaliza kwa dakika moja, kwa njia tano tofauti, nikitafuta mahali ambapo nisingekuwa na kosa. Dokta aliifuata hesabu kwenye lebo kwa ncha ya kalamu. Feni iligonga mara nyingi.

"Mtu wa miaka kumi na tisa kazini," alisema mwishoni. "Na mimi nikaisaini."

"Nitaandika maelezo kamili."

"Andika. Lakini kwa lugha ya staha. Usijiite mjinga ndani ya faili, na mimi usiniite mjinga. Tutamrudisha."

Basi niliandika kwamba, kufuatia mapitio ya takwimu, tofauti iliyoripotiwa awali imepata maelezo ya kiufundi. Sentensi hiyo haina mtu ndani yake. Hakuna aliyekosea na hakuna aliyeonewa. Niliiona kuwa imejengwa vizuri.

Barua ya kumrejesha kazini niliomba niipeleke mwenyewe. Nyumba yake Mwembesongo ilikuwa na uwanja uliofagiwa, mlango wa bluu, na kibaraza alichokaa mama yake, Bibi mwembamba sana aliyejifunika kanga mbili. Msichana wa shule, binti wa mwisho wa Mzee Kobelo aitwaye Zuhura, aliniletea kigoda. Mzee mwenyewe hakuwepo. Alikuwa amepata kibarua cha trekta la kusomba mpunga huko Turiani na angerudi Ijumaa. Dumu la manjano lilikuwa limefunikwa kifudifudi juu ya ukuta mfupi wa kibaraza, kavu, lina vumbi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa chuo?" Hakungoja jibu. "Niletee maji. Mwanangu sasa haendi juu, na haya ya kwenu ya bomba yananuka dawa. Nimezaliwa na maji ya Nyandira, nikinywa haya tumbo linajaa upepo."

Niliuliza, ingawa nilikwisha kujua, ni maji gani.

"Ya pale chemchemi, nyuma ya kituo chenu. Alikuwa ananiletea katika hilo." Akaelekeza kidevu kwenye dumu.

Nilisimama, nikalichukua, nikafungua kifuniko na kunusa. Halikunuka chochote. Ilinichukua pumzi moja. Zuhura alinitazama nikinusa dumu la maji la bibi yake, na sidhani kama alielewa, au pengine alielewa kuliko nilivyotaka.

Mzee Kobelo alirudi kazini mwezi Juni. Hakuninunia. Alinisalimia vile vile, akanyamaza vile vile kwenye gia, na dumu likarudi nyuma ya kiti. Ilikuwa safari ya tatu au ya nne, tukiwa tunashuka, ndipo aliponiuliza bila kugeuza kichwa.

"Lile jambo, benchini umewaambia?"

"Niliandika, Mzee. Liko kwenye faili."

"Kuandika najua uliandika." Akabadilisha gia, akanyamaza, akamaliza. "Nimeuliza kama umewaambia."

"Bado."

"Haya."

Hakuuliza tena. Nami nilikusudia kuwaambia. Nilipanga niende na chaki, nichore mlima kwenye mlango wa karakana, niwaonyeshe hatua kwa hatua, na kwa kuwa nilitaka maelezo yasiyo na upenyo nikaandaa rasimu, nikaiboresha, nikangoja siku ambayo wote sita wangekuwepo. Siku hiyo haikupatikana Julai. Agosti nilikuwa maabara. Oktoba niliandika tasnifu, Desemba niliitetea, nikasifiwa kwa umakini wa vipimo, na kabla ya mwaka mpya nilikuwa nimepata kazi Dodoma. Mzee Kobelo alinipeleka Msamvu kupanda basi. Alinishushia sanduku akasema, "Nenda salama, binti." Nilikuwa na rasimu ya chaki ndani ya sanduku hilo.

Jumamosi nilikwenda Mwembesongo. Wanaume walikuwa chini ya turubai barabarani, wanawake tulikuwa uani kwenye mikeka, na dua ilipokwisha sinia za pilau zilipita, kisha kahawa na kashata. Zuhura sasa ni mwanamke mzima, mwenye watoto wawili. Nilimpa mkono wa pole, akanishukuru kwa heshima, bila kuonyesha kama amenikumbuka. Watu walipoanza kuaga, mzee mmoja mwenye fimbo aliletwa hadi mlango wa uani ili amuage mwenye msiba. Alikuwa amekonda na meno yamepungua, lakini sauti niliijua. Alikuwa Mzee Chande.

"Baba yako alikuwa mtu wa watu," alimwambia Zuhura. "Hana makuu. Hata ile habari ya mafuta, wakubwa wenyewe walimwangalia, wakaona utu wake, wakamsamehe."

"Ndiyo, baba," Zuhura alijibu akitazama chini, kama mtu aliyekwisha kulijibu neno hilo mara nyingi.

Nilikuwa umbali wa hatua tatu. Miaka ishirini na moja ya rasimu ilinitoka kichwani yote.

"Shikamoo, Mzee Chande."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Koku. Yule wa pima maji."

"Ala. Dada Pima Maji."

"Hakusamehewa, Mzee. Hapakuwa na cha kumsamehe. Hakuiba. Mimi nilikosea hesabu."

Wanawake waliokuwa wakikusanya vikombe waliacha. Sikuwa na chaki, nikavuta sahani ya kashata nikaanza kupanga vipande juu ya sinia lililopinduliwa, kumi mstari mmoja, nikieleza kwamba hizi ni lita za kupanda, na chini yake viwili, na cha tatu nikakivunja katikati.

"Acha kujisumbua," Mzee Chande alisema. "Kumi na mbili na nusu. Nani asiyejua? Kila aliyeshika usukani kwenda kule anajua."

"Mlijua?"

"Tulijua."

"Sasa kama mlijua, kwa nini mliamini kwamba ameiba?"

Aliinama, akachukua kile kipande nusu, akakitia mdomoni, akakimumunya upande wenye meno.

"Wewe ulikuwa na karatasi," alisema.

Zuhura alikuwa ameinua macho sasa, ananitazama mimi, si Mzee Chande. "Nilikuwa darasa la sita," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Shule nzima waliniita Dizeli. Mpaka namaliza."

Sikuwa na namba ya kumpa. Nilimwambia samahani, na akaitikia kwa kichwa, si kukubali wala kukataa. Mzee Chande aligeuka pale mlangoni, akaegemea fimbo, akapaza sauti kuelekea kwenye turubai ambako wanaume walikuwa wameanza kuvaa viatu.

"Jamani, msitawanyike kwanza. Kuna neno. Inasemwa hapa kwamba Kobelo hakuiba mafuta."

"Nani anasema?" mtu aliuliza kutoka nje.

"Mwenyewe aliyeandika." Kisha akanigeukia. "Toka, mama. Wakuone."

Nilisimama, nikatafuta viatu vyangu kati ya viatu vya watu, nikatoka.